DT 125 ya marehemu baba: ilitoka wapi, ni ya lini, na je nimruhusu fundi aitoe pampu ya oili?

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa bwana shamba huku Nyanda za Juu Kusini. Mradi ulipoisha akauziwa pikipiki aliyokuwa anatembelea, Yamaha DT 125, nyeupe, kiti cheusi kirefu. Imekaa bandani miaka tisa. Kiki inashuka ila nzito. Nyuma ina shokapu moja tu katikati, silinda ina mapezi, haina rejeta. Wazee hapa wanasema ni pikipiki ya jeshi la Japani iliyoletwa maalum kwa ajili ya Afrika, mwingine anasema ndiyo iliyoshinda Paris–Dakar ya kwanza. Fundi mmoja anataka atoe pampu ya oili niwe nachanganya kwenye tenki kama watu wa misumeno. Mwingine anasema nitupe injini nifunge ya Mchina ya CC 150. Na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja mara mbili na mzani wake. Nataka kujua historia ya hiki chombo, ni cha mwaka gani, na nifanye nini."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba hata kama umepita muda. Nimeisoma barua yako mara mbili na nadhani swali lako kubwa haliko kwenye pampu, ni kwamba umeachiwa kitu na mzee na kila anayepita anakwambia hakina maana, wewe moyoni unaona kina maana ila huna cha kuwajibu. Haya, nitakupa cha kuwajibu. Ila kabla hujaendelea kusoma, mawili: yule wa mzani mwambie asirudi, na wewe usiipige kiki tena mpaka ufike chini huku nilipoeleza kwanini.

Tuanze na hilo la jeshi. Hapana. Wala haikutengenezwa kwa ajili ya Afrika. Pikipiki ya bwana shamba, ile tuliyozoea kuiona imefungwa gunia la mbegu nyuma inapanda mlima kwenye tope, ilibuniwa kwa ajili ya Wamarekani wa California waliokuwa wanataka kwenda kucheza jangwani jumamosi na jumapili. Najua inachekesha lakini ndio ukweli, na ukiijua hiyo sababu ndio utaelewa kwanini imeumbwa vile ilivyoumbwa.

Rudi nyuma kidogo. Yamaha yenyewe ilianza kama kampuni ya vinanda, Nippon Gakki, iliyoanzishwa na Torakusu Yamaha mwaka 1887, ndo maana mpaka leo nembo yao ni zile uma tatu za kupimia sauti, angalia kwenye tenki lako kama rangi haijatoka. Kampuni ya pikipiki ilijitenga Julai 1955. Pikipiki yao ya kwanza ikaitwa YA-1, Wajapani wakaipa jina la utani Kereng'ende Mwekundu, na ilikuwa CC 125, silinda moja, tustroki, yani injini ya mipigo miwili inayochoma oili pamoja na petroli. Hawakuibuni kutoka hewani, waliiga DKW RT 125 ya Wajerumani, ileile ambayo Waingereza nao waliiiga wakatoa BSA Bantam na Wamarekani wakatoa Harley yao ndogo. Kwahiyo hiyo 125 ya mzee ukifuatilia ukoo wake unafika Ujerumani kabla ya vita kuu ya pili. Mwenye mzani hajui hayo.

Sasa miaka ya 60 pale Marekani mtu akitaka pikipiki ya porini alikuwa na njia mbili na zote mbovu. Moja, anunue ile iliyoitwa skrambla, ambayo kusema kweli ilikuwa pikipiki ya lami iliyoinuliwa bomba la moshi na kufungwa usukani mpana, nzito, tumbo chini, ukigonga jiwe umeharibu. Mbili, anunue pikipiki ya mashindano kutoka Ulaya, Hispania au Sweden huko, nyepesi na kali kweli ila ghali, haina taa, inataka fundi kila wikiendi na huwezi kuiendesha kwenda kazini jumatatu. Katikati hapo palikuwa wazi. Watu wa Yamaha waliokuwa California wakawaambia wenzao Japani tutengenezeeni kitu kinachokaa hapo katikati, kiwe na taa na namba, mtu aendeshe kwa lami mpaka porini, acheze, arudi nacho nyumbani.

Jibu lilikuja kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo Oktoba 1967, likaanza kuuzwa 1968, jina lake DT-1. CC 246, tustroki, silinda moja ya milimita 70 kwa 64, gia tano, nguvu farasi 18.5 kwa toleo la Japani, uzito kilo 112 hivi ikiwa kavu. Kilo 112! Hapo ndipo siri ilipo, sio kwenye nguvu. Chesisi na mkao wake vilitokana na pikipiki yao ya mashindano ya motokrosi, YX26, sio pikipiki ya lami iliyovalishwa viatu vya shamba. Tairi la mbele kubwa la inchi 19, tumbo juu, bomba la moshi limepita juu pembeni, shokapu za mbele zina mwendo mrefu. Na humo ndani wakaweka kitu ambacho mashine za mashindano hazikuwa nacho, tenki la pembeni la oili na pampu yake. Hiyo pampu fundi wako anayotaka kuitupa ndiyo moja ya vitu vilivyoifanya DT iwe DT, nitarudi hapo maana nina hasira nayo kidogo.

Ilipotoka watu waliigombania. Wengine walikuja baadaye, Suzuki na familia yao ya TS, Kawasaki nao, Honda wakaja na fostroki (za mipigo minne) zao za SL na XL, lakini aliyefungua huo mlango alikuwa Yamaha na ile 250. Wenyewe hawakuishia hapo, waliipunguza na kuikuza kama fundi cherehani anayekata suti moja kwa saizi zote: 1969 ikaja ya 125 iliyoitwa AT1 na ya 175 iliyoitwa CT1, 1970 ikaja ya 360 na ya 90. Hiyo AT1 ndiyo babu wa hiyo ya kwako moja kwa moja. Silinda yake milimita 56 kwa 50, piga hesabu utapata CC 123. Hayo majina yalikuwa yanawachanganya watu, kwahiyo kwenye modeli za 1974 wakaamua zote ziitwe DT na namba ya CC mbele, DT 100, DT 125, DT 175, DT 250, DT 360. Kabla ya hapo ukimwambia mtu "DT" alikuwa anaelewa ile 250 tu.

Mabadiliko mawili ya hiyo miaka inabidi uyajue maana yatakusaidia kusoma umri wa yako. La kwanza lilikuja 1972. Hizi za mwanzo hazikuwa na vali ya aina yoyote, pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo ilikuwa inafungua na kufunga madirisha yaliyotobolewa kwenye silinda. Nzuri, rahisi, ila ukiwa mwendo mdogo mchanganyiko wa hewa na petroli unarudishwa nyuma kwenye kabureta na injini inakosa pumzi. Yamaha wakaweka kati ya kabureta na silinda kisanduku kidogo chenye vibati vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu, hewa ikiingia vinafunguka, ikitaka kurudi vinajifunga. Kitu kidogo hivyo, unaweza kukiweka kiganjani, lakini ndicho kinachofanya DT ivute kutoka chini ukiwa gia ya pili kwenye mlima na mzigo bila kuikamua.

La pili ni hiyo shokapu moja ya nyuma uliyoiona. Mhandisi mmoja Mbelgiji, Lucien Tilkens, alikuja na wazo la kuondoa shokapu mbili za pembeni na kuweka moja ndefu katikati, imelala chini ya tenki. Yamaha wakalinunua wazo, na Mswidi Håkan Andersson akachukua ubingwa wa dunia wa motokrosi daraja la 250 mwaka 1973 akiwa na Yamaha, msimu huohuo walioanza kuitumia hiyo shokapu. Kutoka 1977 ikaanza kuingia kwenye DT za barabarani. Yani ile kitu iliyokuwa inambeba mzee akivuka makorongo kwenda kuangalia mahindi ya watu, ilianzia kwenye ubingwa wa dunia. Waambie na hao wazee hapo kijijini.

Kuhusu Paris–Dakar, yale mashindano ya kuvuka Sahara, huyo mwingine hakuwa mbali sana, kakosea mtoto ila nyumba ni hiyohiyo. Ile ya kwanza iliyoondoka Paris Desemba 1978 mshindi wake alikuwa Mfaransa Cyril Neveu akiwa na Yamaha XT 500. Hiyo ni fostroki, CC karibu 500, ndugu mkubwa wa DT wa mama mwingine. Kwa macho ya haraka zinafanana, na mtu akishaona picha ya Yamaha iliyojaa vumbi la Sahara lazima aseme "si ndo ile ya bwana shamba".

Sasa ilifikaje kwa bwana shamba. Marekani walianza kubana moshi wa pikipiki kwenye modeli za 1978, na tustroki kwa asili yake inachoma oili, haikwepeki, kwahiyo mwanzoni mwa miaka ya 80 DT ikawa imeishiwa maisha pale kwao. Ulaya ikaendelea, ila kwa sura nyingine: 1982 wakatoa DT 125 LC yenye rejeta, kali, maji yanapooza silinda, vijana wa Uingereza wakaipenda kwa sababu sheria mpya ya huko iliwafunga wanaojifunza wasizidi CC 125. Lakini Yamaha hawakuivunja ile ya zamani yenye mapezi. Waliendelea kuitengeneza kwa ajili ya sehemu za dunia ambako fundi yuko mbali na barabara haipo, pamoja na dada yake mpole AG 100 ya mashambani. Na huku kwetu serikali, miradi ya kilimo, mifugo, maji na afya, mashirika, misheni, zikazikuta zinawafaa kuliko kitu kingine chochote.

Kwanini? Fikiria kazi ya mzee. Anatoka wilayani kwa lami, anaingia changarawe, anaingia njia ya ng'ombe, anavuka mto, akianguka anaiinua peke yake. Injini haina vali za juu, haina cheni ya taimingi, haina kamushafti, kichwa chake ni kipande cha alminiamu chenye bolti na tundu la plagi, basi. Na petroli ananunua popote, hata ya kwenye chupa ya maji gengeni, anamimina tu bila kupima chochote kwa sababu oili ina tenki lake. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Tustroki ya kuchanganya inataka mtu mwenye chupa ya kupimia na akili iliyotulia kila akijaza. Bwana shamba aliyechoka saa kumi na mbili jioni sio huyo.

Turudi kwako. Kwa maelezo uliyotoa, mapezi na shokapu moja katikati, hiyo sio ya kabla ya 1977. Kwamba haina rejeta hakutuambii ni ya kabla ya 1982, maana nimeshakueleza zenye mapezi ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya hapo kwa ajili ya kwetu, na hapa ndipo watu wengi hukosea, wanaangalia sura wanasema "hii ya sabini na nane" kumbe ya tisini na kitu. Ushahidi wa kweli uko kwenye chuma. Chukua kitambaa na petroli kidogo usafishe shingo ya chesisi, pale usukani unapopita, mara nyingi upande wa kulia, utakuta herufi na tarakimu zimepigwa. Zile za mwanzo kabla ya kistari ni kodi ya modeli, zinazofuata ni namba ya pikipiki yenyewe. Alafu tafuta namba ya injini juu ya krenkesi. Kodi za mwanzo zikifanana, chesisi na injini ni za modeli moja na huenda mzee hakuwahi kubadilishiwa injini. Zikitofautiana nayo ni habari, sio aibu.

Haya, pampu. Nikueleze inavyofanya kazi alafu uamue mwenyewe.

Kwenye fostroki oili imekaa chini kwenye sampu, inapigwa huku na huku, inarudi. Tustroki haina hiyo nafasi, kwa sababu chumba cha kranki ndimo hewa na petroli zinamopita kwanza kabla ya kupanda juu kuungua. Huwezi kuweka bwawa la oili humo. Kwahiyo beringi za kranki, konrodi, pistoni na ringi zote zinaishi kwa ukungu wa oili unaopita pamoja na mchanganyiko, unalainisha, alafu unaungua unatoka kama ule moshi wa bluu. Njia ya kizamani ni kumimina oili kwenye tenki la petroli. Njia ya Yamaha, waliyoianzisha 1964 na kuiita Autolube, ni pampu ndogo inayozungushwa na injini yenyewe, injini ikizunguka haraka nayo inasukuma haraka, alafu kuna waya unaotoka kwenye akseleta unaoirefushia pampu mpigo wake, ukifungua mafuta mengi inatoa oili nyingi, ukifunga inatoa kidogo. Kidogo, sio sifuri. Shika hilo neno.

Sasa chukua mfano unaoujua, unashuka Kitonga. Umefunga akseleta, uko gia ya tatu, injini inakushikilia, inazunguka kasi kweli lakini petroli inayopita ni ya kulamba tu. Kama oili yako imechanganywa na petroli basi na oili nayo ni ya kulamba, pistoni inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika karibu kavu. Ukifika chini kule unafungua mafuta, joto linapanda ghafla, inashika. Ukiwa na pampu, haijali umefunga akseleta, maadamu kranki inazunguka na yenyewe inasukuma. Na mkiwa mmesimama mnapiga stori injini inanguruma taratibu, ya kuchanganya inakula oili ileile kwa kila tone la petroli, plagi inalowa, ekzosi inajaa masizi, pampu inajibana.

Nimeifungua ya hivyo sio muda mrefu, ya mteja aliyeshauriwa kama unavyoshauriwa wewe. Nikaitoa silinda, nikaiweka pistoni mezani. Upande wa dirisha la kuingilia ilikuwa inang'aa vizuri tu. Nikaigeuza upande wa ekzosi, upande unaochemka kuliko yote, kuna mistari minne imesimama wima kutoka juu mpaka chini kama imechorwa na msumari, na ringi ya juu imezama kwenye mfereji wake, alminiamu imeyeyuka kidogo ikaifunika, ukucha haupiti. Mwenyewe anashangaa, "mbona oili nilikuwa naweka?" Alikuwa anaweka kweli. Ilikuwa haifiki wakati inapotakiwa.

Nimtendee haki fundi wako lakini. Hajatoa hilo wazo kwa ubaya. Mafundi walianza kuzitoa hizi pampu kwa sababu wateja walikuwa wanasahau kujaza tenki la pembeni, oili inaisha, injini inanoki, lawama kwa fundi. Ikichanganywa, angalau ukiwa na petroli una oili. Na ni kweli pia kwamba pampu iliyolala miaka tisa huwezi kuiamini hivihivi. Mipira ya oili imekuwa migumu kama tambi mbichi, waya umevuta, ndani kuna hewa. Ila dawa ya hayo ni kuikagua, sio kuizika. Badilisha mipira yote miwili, ule wa kutoka kwenye tenki na ule mwembamba wa kwenda injini. Jaza oili mpya, legeza skrubu ya kutoa hewa kwenye pampu mpaka oili itoke bila mapovu, funga. Puli ya pampu ina alama, na alama hiyo inatakiwa ikutane na pini pale akseleta inapofika kwenye sehemu yake, waya unarekebishwa kwa hiyo alama na sio kwa kukisia. Alafu tenki la kwanza la petroli weka na oili kidogo ndani kama bima, mililita 20 mpaka 25 kwa lita, mpaka ujiridhishe tenki la pembeni linapungua. Likipungua, pampu inafanya kazi. Lisipopungua, zima.

Na oili yenyewe iwe ya tustroki ya pikipiki, angalia kopo liwe na maandishi JASO FC au FD. Oili ya fostroki usiweke humo hata kwa dharura ya kutoka hapa mpaka pale, ina dawa ambazo hazikuundwa kuungua, zinaacha majivu. Na ndugu zangu wa pwani mnaosoma, oili ya mashine za boti iliyoandikwa TC-W3 nayo siyo, ile ni ya injini inayopoozwa na maji ya bahari muda wote, hii ya mapezi inachemka zaidi. Oili ya gia ni nyingine kabisa, inaingia kwenye boksi la gia, haifiki hata lita moja, haihusiani na tenki la pembeni. Nimeshaona watu wamezichanganya hizo tundu mbili.

Sasa kwanini nimesema usipige kiki. Umesema inashuka ila nzito. Silinda ya tustroki sio bomba laini, ina madirisha, na ringi inapita juu ya hayo madirisha kila mzunguko. Baada ya miaka tisa oili iliyobaki humo imekuwa gundi na huenda kuna kutu kidogo kwenye ukuta. Ukiilazimisha kwa mguu, ringi iliyoganda inaweza kudaka ukingo wa dirisha ikakatika, na hapo hujaua ringi tu, umechana silinda. Toa plagi. Mimina vijiko viwili vya oili ya tustroki tunduni, iache siku mbili tatu. Alafu weka gia ya mwisho, shika tairi la nyuma kwa mkono, lizungushe taratibu mbele na nyuma. Ikilainika vizuri. Isipolainika usiongeze nguvu, fungua kichwa uangalie kwa macho.

Hata ikilainika, usiiwashe ukaondoka nayo siku hiyohiyo kwa furaha. Kuna sili mbili za kranki, moja kila upande, za mpira, na mpira uliolala miaka tisa umekufa. Ile ya upande wa sumaku ikivuja inaingiza hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, utasikia injini inapanda yenyewe ukiwa umesimama na haitaki kushuka, watu wanakwenda kuchokonoa kabureta kumbe tatizo haliko huko, na mwisho wake ni pistoni kutoboka. Ile ya upande wa klachi ikivuja injini inanyonya oili ya gia, unaona moshi mzito mweupe usioisha na oili ya gia inapungua lakini chini hakuna hata tone. Mimi nazibadilisha zote kabla, sisubiri dalili. Ya upande wa sumaku mara nyingi haihitaji kupasua injini, ila sumaku itolewe na pula yake, fundi akichukua nyundo na bisibisi mnyang'anye.

Injini ya Mchina. Nitakuwa mkweli, sio wazo la kijinga. Spea zipo mpaka kijijini, inakula petroli kidogo, haili oili. Kama unataka pikipiki ya kukuingizia pesa kila siku, DT haikufai, itakula petroli na oili na utaichukia. Lakini hapo jibu ni kununua Boxer au TVS ya kazi, mpya au iliyotumika, sio kumpasua huyu. Maana kufunga injini nyingine sio kufunga tu, mashikizo lazima yakatwe na kuchomelewa upya, mstari wa cheni unapotea, uzito unahama, chesisi iliyotengenezwa kwa injini nyepesi inaanza kupasuka kwenye maungio. Na kadi inasema namba ya injini nyingine, trafiki wa kwanza makini mtaongea muda mrefu. Ukishamaliza hayo yote una pikipiki ambayo sio DT na sio ya Mchina, na hata huyo wa vyuma chakavu atakupa bei ileile ya kilo.

Kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyekuambia: usifanye kitu sasa hivi. Kama hela haipo, mwaga petroli yote ya zamani kwenye tenki na kabureta, pakaza oili kidogo ndani ya tenki, weka oili tunduni kwenye plagi, iinue tairi zisiguse ardhi, ifunike na kitambaa sio nailoni, nailoni inatunza unyevu. Inaweza kusubiri hivyo miaka mingine. Pistoni, ringi na sili za 125 hizi bado zinapatikana madukani kwa kuwa zilikaa sokoni muda mrefu sana, sio kwamba usipotengeneza mwezi huu umekosa.

Makaratasi uyaangalie mapema. Hizi nyingi zilikuwa na namba za DFP, yani za miradi ya wafadhili, au za serikali, na mzee akauziwa kwa barua. Kama kadi bado inasoma jina la mradi, tafuta hiyo barua ya mauzo kwenye mafaili yake kabla mchwa hawajaipata, uende nayo TRA pamoja na karatasi za mirathi, uwaulize utaratibu wa kuhamisha. Fanya hivi kabla hujaweka hela kwenye injini, sio baada.

Kazi zipi usifanye mwenyewe wala usimpe fundi yeyote tu: ukiishika konrodi na kuisukuma juu chini ikacheza, au kranki ikizunguka kwa mlio wa kukwaruza, hapo kranki inatakiwa kutolewa, kusukumwa na presi na kunyooshwa kwa saa ya kupimia. Hiyo haifanyiki kwa nyundo chini ya mwembe, mtafute mtu mwenye karakana ya kuchonga mjini, Iringa au Mbeya, mwulize kwanza kama ana presi na saa ya kupimia kranki, akisita ondoka. Silinda vilevile, ipimwe kwanza ndio inunuliwe pistoni ya ovasaizi, sio kununua pistoni alafu kuchonga kwa kubahatisha. Na breki na tairi za miaka tisa zibadilishwe bila mjadala, tairi inaweza kuonekana ina meno mazuri kumbe pembeni imepasuka.

Anza na plagi na vijiko viwili vya oili. Wakati inaloweka safisha shingo ya chesisi, uniandikie zile herufi na tarakimu zilizo kabla ya kistari, za nyuma zifiche usimpe mtu yeyote, na uniambie kama kati ya kabureta na silinda kuna kile kisanduku nilichokueleza na taa ni volti 6 au 12, imeandikwa kwenye betri au kwenye globu. Kwa hayo matatu nitakutajia modeli, na ukienda dukani kununua sili utakuwa unajua unaulizia za ipi.